Fundi Mmoja wa Bondeni

Krakow, Poland
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Nafula, ambaye ni mzima wa mwili, anakula, na anavaa soksi mbili mbili kama ulivyoagiza. Najua hapo utasema, "Soksi tu? Na kofia?" Kofia pia navaa. Natumaini Bondeni mmeamka salama, mvua imewapunguzia vumbi, na paa la jikoni halijarudia ile tabia yake ya kuvuja. Kwa kawaida hapa ndipo ningekuuliza hali, nawe ungejibu kwamba nyinyi hamjambo na hofu ni kwangu. Leo sitauliza hivyo. Mama, mkono wako wa kulia unaendeleaje?

Tulia kwanza. Usimwite mwanao Simiyu umgombeze, maana si yeye aliyenitolea siri. Nilijua kabla sijampigia, na nitakueleza nilivyojua, ingawa ningependa sana nisikueleze. Ndiyo sababu barua hii imekuja ndani ya mkoba wa Sista Perpetua, mtawa wa huko kwetu aliyekuwa akisoma hapa na sasa anarudi nyumbani. Kwa simu mimi na wewe tumekuwa waongo wazuri sana. Nakuuliza habari, unasema nzuri. Unaniuliza, nasema nzuri zaidi. Tunacheka, tunaombeana, kisha kila mtu anabaki na lake. Karatasi haina pa kukata laini, kwa hivyo utanisikiliza hadi mwisho.

Nianze na yangu, kwa sababu siwezi kukuomba ukweli nikiwa nimekalia wangu. Nimekuwa nikikuambia nina marafiki wengi hapa. Sina. Nina jirani anayebisha ukutani nikikaanga samaki, na nina Sista Perpetua, ambaye ukiwa unasoma haya nitakuwa nimempoteza pia. Ile picha niliyokutumia tukicheka kwenye theluji ilikuwa sherehe ya ofisi, na ilipokwisha kupigwa kila mtu alishika njia yake. Jumapili maduka karibu yote hufungwa na mji unatulia hadi nasikia friji yangu ikinguruma. Napika ugali wa unga wa manjano, maana mweupe hapa sijaupata, nakula nimegeukia dirisha. Nikimaliza nafungua redio ya huko Nakuru kwenye kompyuta, nisikilize matangazo ya vifo. Usicheke. Yule mtangazaji anataja jina la marehemu, halafu mtoto wa nani, ndugu wa nani, shemeji wa nani wa Njoro, mjukuu wa nani wa Subukia, na mimi nakaa nikisikiliza majina yote kana kwamba nawajua. Siku nyingi sikujua kwa nini nayapenda matangazo hayo. Sasa nadhani nimejua.

Kazi yangu pia hujawahi kuielewa, na kosa ni langu. Nilikuambia ni kazi ya kompyuta, nawe ukawaambia kina mama wa kanisa, wakaiombea kazi ya kompyuta. Ukweli ni kwamba nalipwa kusoma magazeti. Kuna kampuni kubwa ya simu, televisheni na friji. Jina lake unalijua, liko juu ya boksi la simu niliyokuletea. Hiyo kampuni imeikodi ofisi yetu tuisomee kila kitu kinachoandikwa juu yake duniani. Mimi nina Kiswahili, na Kiingereza cha upande wetu. Wa kushoto kwangu ana Kireno, wa kulia ana Kituruki, wa mbele ana Kiarabu. Ofisi nzima imejaa watu waliochaguliwa kwa sababu ya ulimi, na hakuna wawili wanaoongea lugha moja. Asubuhi kompyuta inanipa orodha ya habari. Nasoma, kisha kila habari naipa rangi: kijani ikiwa inaisifu Kampuni, nyekundu ikiwa inaiumiza, manjano ikiwa haina neno. Ile nyekundu lazima niiandikie sentensi moja chini yake, nionyeshe imepungukiwa wapi, ndipo wakubwa wajue pa kuanzia kujibu.

Mwanzoni niliifurahia, nakwambia. Niliona kama nimerudi chumba chetu kimoja cha zamani. Unakumbuka ulipokuwa ukimfulia Mama Daktari kule Milimani, ukirudi jioni na furushi la magazeti ya wiki iliyopita? Baba akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitusomea kwa sauti, nawe uko kwenye cherehani unangoja amalize ukurasa uukatie paterni. Alikuwa akilalamika, "Wee Nekesa, umekata bunge katikati!" Nawe unamjibu, "Bunge litangoja. Hii kola mwenyewe anaitaka kesho." Kurasa nzima za matangazo ya televisheni ndizo ulizozipenda zaidi, kwa sababu ulisema karatasi yake haipasuki haraka kwa pini. Nusu ya watoto wa Bondeni wamevaa mikono ya shati iliyokatwa kwa televisheni ambazo hakuna aliyekuwa nazo.

Ni Baba pia aliyeniambia nilisome gazeti jinsi wewe unavyokagua nguo ya fundi mwingine, kwa kuigeuza ndani nje na kuangalia nyuzi. Nimegeuza mengi sasa. Kampuni ikizindua simu mpya, gazeti linaiita jitu, nguli, mwamba wa teknolojia. Jina lake linakaa kwenye kichwa cha habari na linarudiwa chini ya picha, watu wa suti wakiinua simu juu kama kombe. Ikipeleka kompyuta katika shule moja, jina linaandikwa. Ikifadhili mbio, jina tena. Lakini kiwanda chake kikifukuza wafanyakazi, au friji yake ikishika moto nyumbani kwa mtu, ghafla inakuwa "kampuni moja ya vifaa vya elektroniki". Jitu zima linajificha nyuma ya neno "moja". Mhariri hajadanganya hata herufi. Ana tangazo la ukurasa mzima la wiki ijayo, basi amepunguza sauti kidogo. Na aliyeumia naye anakuwa "mwanamume mmoja" au "mwanamke mmoja". Kampuni ikisema jambo, imeeleza. Huyo wa pili akisema, anadai.

Nimesoma hivyo miezi na miezi hadi nikazoea. Nilikuwa hata nikiona ni jambo la kuchekesha. Na ona, mimi mwenyewe naandika "Kampuni" tu kwenye barua ya mama yangu, silitaji jina, kama wao.

Sasa nimefika mahali pagumu. Jumanne moja mwezi uliopita ilikuja habari fupi, aya nne, kutoka Nakuru. Moyo wangu uliruka kwa furaha, Mama, wacha niseme yote. Nakuru haiji mara nyingi kwenye orodha yangu. Nilienda kwanza kutengeneza chai ndipo nikae niisome vizuri, na nilipoona neno Bondeni limeandikwa nililisoma mara mbili kwa utamu. Ilisema fundi mmoja wa nguo, mwanamke, alikuwa akishona huku simu yake ikipata chaji mezani. Simu ikafura, ikawaka, na alipokuwa akiokoa yunifomu za wateja akaungua mkono. Anadai simu hiyo haikuwa na miezi mingi. Hakutaka jina lake litajwe.

Niliwapitia mafundi wote ninaowajua hapo. Nilimfikiria yule mama wa karibu na soko, na yule mwingine wa mguu mbaya, nikamwonea huruma yeyote kati yao. Wewe sikukufikiria. Tulikuwa tumeongea Jumapili, ukaniambia uko salama, simu yako tu ina shida kidogo na iko kwa fundi, ndiyo maana unatumia ya Simiyu. Hata hilo halikunigutusha. Nilikuamini, kwa sababu nawe unaniamini nikisema nina marafiki.

Niliipa habari ile nyekundu. Chini yake nikaandika sentensi yangu: "Habari haisemi chaja iliyotumika ilikuwa ya aina gani." Ilinichukua dakika mbili. Nilimaliza chai yangu nikaenda kwa habari iliyofuata, ya friji nchini Tanzania.

Alhamisi, gazeti lile lile lilileta habari nyingine, na safari hii jina la Kampuni lilikuwa juu kabisa, kwa herufi nene. Jitu la elektroniki lilikuwa likiwaonya wateja wake kuhusu chaja bandia. Ndani kulikuwa na msemaji, mpole kabisa, akieleza kwamba usalama wa mteja ndio jambo la kwanza kwao, na kwamba katika kisa cha majuzi cha fundi mmoja wa Nakuru, haikusemwa chaja iliyotumika ilikuwa ya aina gani. Ni maneno yangu, Mama. Siwezi kuapa kwamba hayakutoka kichwani mwa mtu mwingine aliyefundishwa kufikiri kama mimi. Lakini mtu anajua mshono wake akiuona, wewe ndiwe uliyeniambia hivyo, na ule ulikuwa wangu.

Hiyo ya pili ilikuwa na picha. Meza iliyoungua upande mmoja, cherehani nyeusi, na nyuma yake, juu ya redio, kitambaa cheupe cha kufuma ambacho pembe yake moja ina ua la rangi ya waridi.

Ua lile nililifuma nikiwa darasa la saba. Uzi mweupe ulinikatikia na duka lilikuwa limefungwa, ukaniambia nimalizie kwa uzi uliopo, nani ataangalia pembe. Niliiangalia pembe ile mpaka skrini ikajizima yenyewe. Kisha nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi, bila koti, nikampigia Simiyu.

"Niaje siz," akasema. "Uko fiti?"

"Mama ako wapi?"

"Mathe? Mathe ako poa. Ameenda church."

"Leo Alhamisi?"

Nilisikia nyundo za gereji anakofanya kazi, na mtu akimwitisha spana.

"Simiyu, ni mkono gani?"

"Nani amekuambia?"

"Ni mkono gani?"

"Wa kulia," akasema polepole. "Lakini siz, si mbaya hivyo. Si unajua media hukuza vitu."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Yeye anajua wanavyokuza tu, hajui wanavyopunguza. Nilimuuliza kwa nini hamkuniambia.

"Mathe alikataa kabisa. Alisema utashtuka huko na hauna mtu. Hata yule msee wa gazeti alipokuja, mathe alimwambia asiweke jina, sababu wewe uko kwa internet kila saa, usikuje uione."

"Na watu wanasema nini?"

"Siz, wacha tu."

"Simiyu."

"Ploti yote wanasema alinunua chaja ya mtaani, ikachoma meza, sasa anataka kusingizia kampuni ya wenyewe. Hata headmaster wa hizo uniforms aliuliza kama ni ukweli. Na kina mama wa church wanamuuliza kwa njia hiyo ya pole. Mathe haendi church siku hizi. Hapo nilikudanganya mara mbili."

Nilimwomba asikuambie kwamba nimejua. Alikubali haraka sana, naye maskini amechoka kubeba. Jumapili iliyofuata ulinipigia kwa simu yake, ukaniambia uko salama, uniforms ni nyingi mpaka huna wakati wa kujikuna. Nilisema, "Asante Mungu." Tukaombeana. Nilipokata simu nilikaa sakafuni hapo kando ya kitanda na sikula siku hiyo.

Naijua desturi yetu, Mama. Aliye mbali haambiwi, ili asiumie peke yake. Baba alipolazwa nilikuwa chuoni Eldoret, mkaniambia ana homa ya kawaida, nimalize mtihani. Nikamaliza mtihani, nikaja na zawadi ya shati, nikakuta tenti ya matanga imesimama uwanjani na majirani wananitazama. Sikukulaumu siku hiyo na silaumu leo. Ulifanya kwa upendo, na mimi nikiwa mama pengine nitafanya vivyo hivyo. Ila nimechoka kufika nikute tenti.

Na safari hii desturi yetu imetudhuru kwa njia nyingine ambayo hukuweza kuijua. Ulificha jina lako ili nisiogope. Kwa kuwa hukuwa na jina, ukawa fundi mmoja, na fundi mmoja ni mtu rahisi sana kumtilia shaka. Hata mimi niliyetoka tumboni mwako nilimtilia shaka kwa dakika mbili nikinywa chai. Kama lingeandikwa Rose Nekesa, kalamu ingeniponyoka. Nisamehe, Mama. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu kwenye simu ningelizungusha mpaka lipotee. Nilikuumiza, nikalipwa mshahara wa siku hiyo, na sikujua. Nisamehe.

Nilijaribu kurekebisha. Nilienda kwa msimamizi wetu, Agata, mwanamke mwenye roho nzuri, siwezi kumsema vibaya. Nilimwambia nataka kuifungua tena ile habari, chaja haikuwa bandia.

"Lakini imeshakuwa manjano," akasema akiangalia kompyuta yake. "Jibu lilitoka, imetulia. Zilizotulia hatuzifungui."

"Ni mama yangu."

Aliondoa mkono kwenye kompyuta. Akaniambia pole, na nikaona pole ile ni ya kweli. "Basi wewe usizisome tena hizo za Nakuru," akasema. "Nitampa mtu mwingine."

"Mtu gani? Hakuna mwingine anayejua Kiswahili."

"Ni kweli," akasema. "Basi hazitasomwa."

Alinipa siku moja ya kupumzika na kipande cha keki kwenye karatasi ya nailoni. Nilitembea mji mzima na keki ile mkononi. Nilitaka kumwambia mtu yeyote, muuza maua, dereva wa tramu, bibi aliyekuwa akiwapa ndege mkate, lakini kwa lugha yao najua tu kuomba samahani na kuuliza bei. Nilirudi chumbani, na usinione mwendawazimu, nikasimama katikati nikakutangaza kwa sauti kama yule mtangazaji wa redio: Rose Nekesa, fundi wa nguo, mke wa marehemu Wekesa, mama yake Nafula na Simiyu, wifi yake Senge wa Dundori, wa Bondeni, Nakuru. Niliposikia yanavyofanana na tangazo lenyewe nikaketi kitandani. Jirani akabisha ukutani. Ndipo nilipoona kwamba kwetu mtu hupewa majina yake yote siku ile tu ambayo hawezi kuyasikia.

Kwa hivyo nimeamua, na nakuomba usinikatalie kwa sababu ya kuniogopea. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Humo nimeandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimeeleza kwamba simu ile niliinunua mimi nilipokuja likizo Aprili, katika duka lao wenyewe Nairobi. Nimeeleza kwamba tuliifungua pamoja mezani, chaja ikiwa bado kwenye nailoni yake, na kwamba mimi ndiye niliyeichomeka mara ya kwanza. Risiti ipo humo humo. Na boksi, nakujua, hukulitupa. Liko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni, pamoja na boksi la redio ya Baba na la pasi iliyokufa zamani. Miaka yote nimekucheka kwa maboksi yako, na leo nakupigia magoti. Namba iliyo ubavuni mwa boksi ni ile ile iliyo kwenye risiti. Simiyu anamjua yule mwandishi. Ampelekee vyote vitatu, pamoja na chaja yenyewe iliyoyeyuka.

Mwishoni mwa ukurasa nimesema kazi ninayofanya, na ile sentensi niliyoandika. Nimetia sahihi kwa majina yangu yote. Kuna karatasi nyingine niliyotia sahihi nilipoajiriwa, inayosema nisizungumze mambo ya ofisi, kwa hivyo inawezekana nitafukuzwa, na nikifukuzwa ruhusa ya kukaa hapa itaisha. Nimeliwaza hilo kwa siku nyingi, na nikilifikia mwisho wake naona tu mimi nikishuka Nakuru na begi, ukinigombeza kwa kukonda. Sijaona ubaya wake mkubwa. Sijui pia kama gazeti litachapisha. Huenda mhariri akaiangalia, akakumbuka tangazo la wiki ijayo, akaiweka kando. Hata hivyo boksi lako na ukurasa wangu mpelekee pia headmaster, na mama mwenyekiti wa kanisa, wasome wakiwa wameketi. Hao ndio gazeti lako wewe.

Ila jambo moja ni lako, siwezi kulifanya kwa niaba yako. Mwandishi akija tena, mwambie aandike jina. Sababu ya kulificha ilikuwa mimi, na mimi nimeshajua.

Nisalimie Simiyu, mwambie simlaumu, na apunguze kusema uongo kwa kuwa hana kipaji. Nisalimie jirani yetu Mama Wanjiru, ambaye Simiyu ananiambia ndiye aliyekuja mbio na karai la mchanga. Mwambie mtoto wako amesema Mungu ambariki yeye na karai lake. Salamu kwa Senge, dada yake Baba, huko Dundori. Viazi vya hapa ni vikubwa na havina maana, navila nikimwaza yeye. Salamu kwa headmaster, hata yeye. Na kwa kina mama wa kanisa, waambie waache kuiombea kazi ya kompyuta, wauombee mkono wako.

Sista Perpetua atakaa Nakuru wiki tatu, halafu kuna mwenzake atakayekuja huku na anaweza kunibebea kitu. Sitaki sukuma wiki kavu wala unga, ingawa nautamani. Chukua ukurasa wa gazeti, ule mzito wa matangazo, uutandaze mezani. Weka mkono wako wa kulia juu yake, bila bandeji kama daktari amekubali, na unyooshe vidole kadiri vinavyonyooka. Simiyu auchore kuuzunguka kwa chaki yako, polepole, asiurekebishe ili nifurahi. Kisha uukate mchoro huo kama paterni, uukunje, unitumie. Mimi nitaulinganisha na mkono wangu, maana ulikuwa ukisema mikono yetu ni saizi moja, na nitajua hali yako bila kuuliza mtu.

Ni mimi wako,

Beatrice Nafula Wekesa,
binti ya fundi Rose Nekesa,
wa Bondeni, Nakuru.